Kumbikumbi wanatoka wapi mvua za kwanza zinaponyesha, na ndani ya kichuguu kunabaki nini?

Mwalimu wa Sayansi, Kigoma

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi mkoani Kigoma, na pembeni mwa uwanja wetu wa michezo pana kichuguu kinachomzidi mtu mzima kwa kimo. Kila mwaka mvua za kwanza zinapoanza, kati ya Oktoba na Novemba, hufika jioni moja ambapo kumbikumbi hububujika humo kwa wingi wa kustaajabisha. Watoto huwaokota na kwenda kuwakaanga, na kunapopambazuka hakuna kinachoonekana ila mabawa yaliyotapakaa chini.

Wanafunzi wa darasa la sita wameniuliza maswali ambayo kitabu chetu cha kiada hakiyagusi. Je, kumbikumbi ni mchwa, au ni wadudu wengine wanaojihifadhi katika nyumba ya mchwa? Vichuguu vya jirani hujuaje kuwatoa jioni ile ile? Wale wachache wanaonusurika huenda wapi wakishadondosha mabawa? Na wale wanaobaki ndani hula nini katika miezi ya kiangazi, wakati nyasi zote zimekauka?

Kuna jambo jingine linalonihangaisha zaidi. Kamati ya shule imependekeza kichuguu kibomolewe na kumwagiwa dawa, kwa hofu kwamba mchwa watakula madawati na kenchi za paa. Sitaki kuipinga kamati kwa hisia tu, lakini pia sitaki tuharibu kitu ambacho watoto wangeweza kujifunza kwacho kwa miaka mingi. Naomba wenye ujuzi wanieleze kwa kina.

Mtafiti wa Wadudu, Morogoro

Mwalimu, nianze na swali la kwanza, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Kumbikumbi ni mchwa wenyewe, tena ndio watoto wa kichuguu waliokuzwa ili waende kuzaa mahali pengine. Katika mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa, ambao wataalamu huwaita Macrotermes, karibu wakazi wote ni vibarua na askari, nao hawana mabawa, hawaoni na hawazai. Askari ana taya kubwa kiasi kwamba hawezi hata kujilisha, kwa hiyo hulishwa na vibarua. Kumbikumbi, kwa upande wake, ana macho kamili, mabawa manne yanayolingana, na mwili uliosheheni mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayowafanya wawe watamu kikaangoni, lakini kwao ni akiba ya safari, kama nitakavyoeleza.

Waambie pia wanafunzi kwamba mchwa si ndugu wa siafu wala sisimizi, ingawa wote huishi katika jamii kubwa. Ndugu zake wa karibu ni mende, na tangu mwaka 2007, uchunguzi wa vinasaba ulipothibitisha jambo hilo, wataalamu wamekuwa wakiwaweka mchwa ndani ya kundi moja na mende. Tofauti inaonekana hata katika maisha ya nyumbani. Kwa sisimizi na siafu vibarua wote ni majike, na dume hufa muda mfupi baada ya kupandana. Kwa mchwa vibarua huwa wa jinsia zote mbili, na mfalme huishi na malkia katika chumba kimoja kwa miaka mingi, akiendelea kumpanda.

Kuhusu jioni ile moja: kumbikumbi huwa wameshakomaa ndani kabla ya mvua, na wanangoja. Vibarua huwatobolea matundu ya kutokea, na askari hujipanga kandokando ya matundu hayo kuyalinda. Kinachoamua siku ni mvua iliyolowanisha udongo na unyevu uliopo hewani, na kinachoamua saa ni mwanga, kwa maana kila aina ya mchwa ina wakati wake: wengine huruka magharibi, wengine usiku, wengine mchana. Kwa hiyo hakuna ujumbe unaopita kutoka kichuguu hadi kichuguu. Vyote vinasoma hali moja ya hewa, na vikiwa vya aina moja vinafikia uamuzi mmoja. Faida ya kuruka pamoja ni kwamba jike hupata dume la kichuguu kingine badala ya ndugu yake, na tena wanaowala hushiba kabla hawajawamaliza. Ndege, vyura, mijusi, kuku na watoto wa shule yako wote wakila mpaka wakinai, bado wachache watafika ardhini wakiwa hai.

Wakishatua, kila mmoja huvunja mabawa yake kwenye mstari mwembamba ulio karibu na shina la bawa, mahali palipoumbwa pakatike kirahisi. Jike huinua tumbo na kutoa harufu inayomvuta dume, kisha wawili hao hutembea wakifuatana, dume akiwa nyuma na kumgusa jike kwa papasi zake, hadi wapate udongo laini. Hapo huchimba shimo dogo, hujifungia ndani, na hawaoni tena mwanga wa jua maishani mwao. Hawatoki kutafuta chakula. Watoto wa kwanza hulelewa kwa yale mafuta ya mwilini na kwa misuli ya mabawa, ambayo haina kazi tena na huyeyushwa iwe lishe. Wanandoa wengi hufa katika hatua hii, ama kwa maji kujaa shimoni, ama kwa kuchimbuliwa na sisimizi.

Wewe uliye Kigoma una sababu ya pekee ya kulifurahia somo hili. Ni katika hifadhi ya Gombe, mwezi Novemba mwaka 1960, ambapo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alimwona sokwe akichomeka bua la nyasi katika tundu la kichuguu na kuvuta mchwa walioling'ang'ania kwa taya zao. Askari huuma kitu chochote kinachoingia tunduni, na sokwe anatumia ukali huo huo kuwanasa. Msimu wa mvua za kwanza, wakati matundu ya kutokea kumbikumbi yamefunikwa kwa udongo mwembamba tu, ndio wakati sokwe wanapoifanya kazi hiyo zaidi.

Mama Mkulima, Kakamega

Mwalimu, pokea salamu kutoka Kakamega. Mimi si msomi wa wadudu, lakini huku kwetu kumbikumbi ni chakula cha heshima. Waluhya huwaita chiswa na Waluo huwaita ngwen, na hakuna anayengoja wajitokee wenyewe tu. Kwa aina fulani ya mchwa, watu hujenga kichanja kidogo cha fito juu ya matundu, hukifunika kwa majani au blanketi, na kuacha mwanya mmoja unaoelekea kwenye shimo. Kisha hukaa chini na kupiga vijiti kwa mwendo mmoja usiobadilika, kwa muda mrefu. Wazee hueleza kwamba mchwa huusikia mtikisiko huo kama mvua, nao hutoka mchana kweupe. Kwa aina nyingine huwashwa taa usiku, kwa sababu kumbikumbi huufuata mwanga.

Nataka kuongeza jambo ambalo Mtafiti hakuligusa. Kwenye vichuguu vyetu na kandokando yake huota uyoga mkubwa mweupe, mtamu kuliko uyoga wowote ninaoujua, na shina lake ukilifuata chini linaingia ardhini kabisa mpaka kwenye makao ya mchwa. Je, mchwa ndio wanaoupanda?

Kuhusu kubomoa, nitasema yote mawili kwa haki. Udongo wa kichuguu kilichokufa sisi huusambaza katika shamba la mboga, na tofauti huonekana. Lakini mchwa walio hai pia wameniangushia mahindi yaliyokaribia kukauka, wakiyakata karibu na shina hadi yakalala chini. Hasara hiyo huwa ndogo ninapovuna kwa wakati, na ninapoacha mabua makavu na majani shambani, kwa maana huonekana wanapendelea kula vilivyokufa.

Mtafiti wa Wadudu, Morogoro

Mama, swali lako la uyoga ndilo linalofungua mlango wa kichuguu chenyewe, nami nashukuru umeliuliza, kwa kuwa linajibu pia swali la Mwalimu kuhusu chakula cha kiangazi.

Mchwa wanaojenga vichuguu hivi hawawezi kumeng'enya mti na nyasi kavu vizuri peke yao. Vibarua hutoka usiku kupitia njia za chini ya ardhi zinazoenea makumi ya mita, hukusanya majani makavu, mabua na mbao zilizooza, na hurudi navyo. Vibarua wachanga huvila pamoja na vichembe vyeupe vya kuvu, na kinyesi chao, ambacho bado kina chakula kingi, hukipanga kuwa masega laini yenye mikunjo mingi. Katika masega hayo huota kuvu iitwayo Termitomyces, ambayo ina uwezo wa kuvunjavunja lignini, yaani ile sehemu ngumu ya mti inayowashinda viumbe wengi. Baada ya majuma kadhaa vibarua wakubwa hula sega lililoiva, huku upande wa pili wa sega ukiongezwa malighafi mpya. Kwa njia hiyo nyasi za kiangazi zisizo na thamani kwa ng'ombe zinageuka kuwa chakula, na bustani haikauki mwaka mzima.

Kuvu hiyo haipatikani ikiishi huru popote nje ya makao ya mchwa, na mchwa hao nao hawaishi bila kuvu. Ushirika huo ulianza hapa Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, muda mrefu mno kabla binadamu hajapanda mbegu yake ya kwanza. Uyoga unaouokota, Mama, ni kuvu hiyo ikitoka nje kuzaa. Huchomoza majuma kadhaa baada ya kumbikumbi kuruka, wakati ule ule ambapo vibarua wa kwanza wa koloni changa, yaani jamii mpya ya mchwa, wanatoka kutafuta chakula, na katika aina nyingi za mchwa vibarua hao ndio wanaookota mbegu za uyoga na kuanzisha bustani mpya. Kwa hiyo jibu ni kwamba mchwa huipanda kuvu, lakini uyoga hujitokeza kwa manufaa yake wenyewe. Zambia kuna aina ya jamaa hii, Termitomyces titanicus, ambayo kofia yake inaweza kufikia upana wa mita 1.

Msanifu Majengo, Dar es Salaam

Naomba kuongeza kuhusu jengo lenyewe, kwa sababu wengi tunadhani mchwa wanaishi katika ule mnara tunaouona. Kwa Macrotermes, makao halisi, yaani chumba cha mfalme na malkia, vyumba vya watoto na bustani za kuvu, yako usawa wa ardhi au chini yake. Mnara ulio juu una mifereji mingi ya hewa na wakazi wachache sana, isipokuwa unapobomoka na vibarua kupanda kuutengeneza.

Kazi yake ni kubadilishana hewa. Mchwa kwa maelfu na kuvu kwa kilo nyingi wanapumua usiku na mchana, na hewa ya ukaa ikikusanyika wote wangekufa. Mwaka 1961 mtafiti wa mchwa Martin Lüscher alieleza kwamba joto la makao huisukuma hewa ipande katikati na kushuka kandokando kupitia mifereji ya pembeni. Maelezo hayo yalikubalika kwa miaka mingi, na bado yanafundishwa, lakini vipimo vya baadaye vimeonyesha mambo yasiyo mepesi hivyo. J. Scott Turner, aliyefanya kazi Namibia, alionyesha umuhimu wa upepo unaogonga mnara. Kisha, mwaka 2015, watafiti waliopima vichuguu vya Odontotermes, kundi jingine la mchwa wanaolima kuvu, nchini India walikuta kwamba hewa huzunguka upande mmoja mchana na kugeuka usiku, kwa kuwa kuta nyembamba za nje hupata joto na kupoa haraka kuliko kiini. Ukuta wenyewe una vitundu vidogo mno, unaonekana mzima lakini unapitisha gesi.

Jengo la Eastgate la Harare, lililosanifiwa na Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996, lilichota wazo lake katika vichuguu, na linapoozwa kwa kiasi kikubwa na hewa ya usiku badala ya mitambo ya kawaida. Linafanya kazi vizuri ingawa maelezo ya wakati ule kuhusu kichuguu hayakuwa kamili, na kwangu hilo ni sababu ya kuendelea kupima badala ya kuridhika na michoro ya vitabuni.

Kuhusu madawati na kenchi, kamati yako haina hofu ya bure, kwa maana mchwa hawa wanaweza kula mbao za nyumba. Lakini kubomoa kichuguu kilichoko pembeni ya uwanja hakulindi paa. Mchwa hawavuki mahali peupe na pakavu bila kujifunika, hivyo hujenga vichirizi vya udongo ukutani kabla ya kuzifikia mbao. Mlinzi wa shule akikagua msingi na kuta kila juma, ndani na nje, akavibomoa vichirizi na kuziba nyufa, atakuwa amefanya kazi kubwa. Mbao za paa ziwekwe dawa kabla ya kupigwa, kuni na mabaki ya mbao yasilundikwe ukutani, na madawati yaliyovunjika yasiachwe yakigusa udongo.

Mwalimu wa Sayansi, Kigoma

Nawashukuru sana nyote. Nimeisomea kamati maelezo haya na wajumbe wawili tayari wamelegeza msimamo, lakini mmoja anasema kwao huchimba kichuguu na kumtoa malkia, na mchwa wote huisha. Je, ni kweli? Na wanafunzi wameona mara kadhaa msafara wa wadudu weusi wakubwa, tunaowaita sungusungu, wakielekea kwenye njia za mchwa na kurudi wakiwa wamewabeba. Mtoto mmoja anasisitiza kwamba sungusungu wengine walikuwa wamebebwa na wenzao. Sikujua nimjibu nini.

Mtafiti wa Wadudu, Morogoro

Mwalimu, malkia wa Macrotermes aliyekomaa ana urefu unaozidi sentimita 10. Karibu wote ni tumbo lililojaa mayai, naye hutaga maelfu kwa siku. Hawezi kutembea. Amefungiwa katika chumba cha udongo mgumu ambacho milango yake inapitisha vibarua lakini haimpitishi yeye, wala mfalme aliye ubavuni mwake. Kumfikia kunahitaji kuchimba sana, na mara nyingi anayechimba hukata tamaa mapema. Ukimtoa kweli, koloni nyingi hudhoofika na kufa polepole kwa kukosa watoto wapya, lakini si zote: Macrotermes michaelseni, ambaye yuko katika nyika za Afrika Mashariki, ameonekana akiweka wazazi wengine mahali pa waliopotea. Kwa hiyo mjumbe huyo anaweza kuwa ameshuhudia anachokisema, na bado njia hiyo isifanye kazi kwenu.

Kabla kamati haijaamua, ijue pia kichuguu kinaifanyia nini ardhi. Mchwa huleta juu udongo wa mfinyanzi kutoka chini, hulundika virutubisho, na mifereji yao huruhusu maji ya mvua kuzama badala ya kutiririka. Mwaka 2010 ulitolewa utafiti uliofanywa Mpala, Laikipia, nchini Kenya, kuhusu vichuguu vya Odontotermes. Ulikuta kwamba vimeachana kwa nafasi zinazokaribiana kulingana, na kwamba mimea na wadudu, na hata mijusi wanaowala, hustawi zaidi kadiri unavyokisogelea kichuguu. Miaka mitano baadaye, baadhi ya watafiti hao hao walieleza kwamba mimea iliyo juu ya vichuguu hustahimili ukame kuliko ya nyika iliyo katikati yake, na mvua zikirudi ndiko uoto unakoanzia kurejea. Shule yenu ikitaka kupanda miti ya vivuli, ningeshauri muanzie pembeni ya kichuguu hicho, mkichagua miti isiyoshambuliwa sana na mchwa.

Na mtoto wako ameona sawasawa. Mpe pongezi zangu. Kama sungusungu hao ni Megaponera analis, ambao hawali kitu kingine ila mchwa, basi alichokiona kimechunguzwa kwa makini huko Comoé, Côte d'Ivoire, na Erik Frank na wenzake. Sungusungu mmoja hutangulia kupeleleza, akipata mchwa hurudi kuita wenzake, nao huenda kwa msafara, mara nyingi asubuhi na alasiri. Mchwa askari hupigana, hukata miguu ya wavamizi, na wengine hubaki wamewauma bila kuachia. Aliyejeruhiwa hutoa harufu ya kuomba msaada, na wenzake humbeba hadi nyumbani. Ndani ya kiota humwondoa mchwa aliyemng'ang'ania na kulamba jeraha kwa muda mrefu. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, asilimia 80 ya majeruhi waliotengwa wasipate huduma hiyo walikufa ndani ya saa 24, ilhali kwa waliohudumiwa ni asilimia 10 tu waliokufa. Mwaka 2023 watafiti hao walionyesha kwamba sungusungu hutambua jeraha lililoingiwa na vijidudu, na hulipaka majimaji yanayoua vijidudu kutoka katika tezi iliyo kifuani mwao.

Aliyepoteza miguu mingi mno habebwi. Hujigaragaza, hatulii wenzake wanapojaribu kumkunja ili wamchukue, na hatimaye wanamwacha. Mwenye miguu miwili iliyokatika hujikunja akatulia, na ndiye wanafunzi wako wanayeweza kumwona njiani. Wasimame hatua chache kutoka kwenye msafara, wasiukanyage, kwa kuwa sungusungu hawa huchoma kwa mwiba na uchungu wake ni mkali. Wakiudhiwa hutoa sauti ya mkwaruzo inayosikika. Wauangalie msafara wakati wa kurudi, na wahesabu kando waliobeba mchwa na waliobeba wenzao.